Wimbo Huanza Mfiwa

Katika kitabu cha Tenzi za Rohoni umo wimbo ambao ni vigumu kuhudhuria misiba mitatu ya Wakristo katika nchi yetu bila kuusikia. Jina lake ni Ni Salama Rohoni Mwangu. Kwaya huuimba wakati jeneza linapotolewa ndani, akina mama huuimba usiku wakiwa wamekaa juu ya mikeka, na siku hizi hupigwa kwenye spika za kukodi tangu asubuhi, hata kabla mchungaji hajafika. Ni wimbo mzuri. Naupenda tangu utotoni na sijapata kuuchoka. Lakini kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza swali moja juu yake, nalo ndilo ninalotaka tulijadili hapa, ndugu msomaji: je, wimbo huu ni wa nani? Ni wa mfiwa, au ni wetu sisi tuliokwenda kumfariji?

Swali hili si la kuchezea maneno. Kuwapelekea wenye huzuni furaha na faraja ya Kikristo ni kazi tuliyoagizwa, na katika kazi hiyo hatuna chombo tunachokitumia zaidi ya nyimbo. Dawa ikitolewa bila kipimo huumiza, na wimbo nao ni vivyo hivyo. Tena aliyeumizwa msibani mara nyingi hasemi, maana waliomwumiza ndio haohao waliomletea unga, maharage na rambirambi. Atawalaumuje?

Hebu kwanza tumtazame mtu aliyeutunga.

Horatio Spafford alikuwa mwanasheria wa mji wa Chicago, Marekani, Mkristo wa Kipresbiteri na rafiki wa mhubiri mashuhuri Dwight Moody. Fedha zake nyingi alikuwa ameziweka katika viwanja na majengo. Moto mkubwa ulioiteketeza Chicago mwezi Oktoba 1871 ulimtia hasara kubwa. Miaka miwili baadaye familia yake iliamua kusafiri kwenda Ulaya. Shughuli za biashara zikamzuia yeye, naye akamtanguliza mkewe Anna pamoja na binti zao wanne: Annie, Maggie, Bessie na Tanetta. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 11, mdogo miaka 2. Walipanda meli ya Kifaransa iitwayo Ville du Havre kutoka New York. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba 1873, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli hiyo iligongana na meli ya matanga iitwayo Loch Earn, ikazama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 walikufa. Anna aliokolewa; binti zake wote wanne waliangamia. Alipofikishwa Cardiff, huko Wales, alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kwamba amepona peke yake.

Hapo ndipo wahubiri wetu wengi wanapoanzia. Nimeisikia habari hii ikisimuliwa kando ya makaburi mara nyingi, na karibu kila mara huenda namna moja: Spafford akapanda meli kumfuata mkewe, nahodha akamwonyesha mahali ambapo wanawe walizama, naye palepale akaingia chumbani mwake, akachukua kalamu, akaandika kwamba roho yake ni salama. Kisha mhubiri humgeukia mfiwa. Wengine husema kwa upole, wengine kwa ukali, lakini maana ni ileile: huyu alizikosa roho nne kwa siku moja akaimba, nawe uliyempoteza mmoja, mbona huimbi?

Mahubiri hayo yana kasoro mbili. Ya kwanza ni ya historia, ya pili ni ya maana ya wimbo wenyewe.

Nianze na historia. Ni kweli kwamba masimulizi ya melini yapo. Bertha, binti aliyezaliwa na akina Spafford mwaka 1878, aliyaandika katika kitabu chake Our Jerusalem kilichotolewa mwaka 1950. Lakini yako masimulizi mengine. Mwimbaji Ira Sankey, aliyekuwa akifuatana na Moody katika mikutano ya Injili, alikaa kwa majuma kadhaa nyumbani kwa akina Spafford huko Chicago mwaka 1876. Katika kumbukumbu zake alieleza kwamba ni wakati huo ndipo Spafford alipouandika wimbo huo kwa ukumbusho wa watoto wake. Philip Bliss akautilia sauti, akaiita sauti hiyo Ville du Havre, kwa jina la ile meli, na wimbo ukachapwa kitabuni mwaka huohuo wa 1876. Bliss mwenyewe hakuumaliza mwaka huo: alifariki pamoja na mkewe tarehe 29 Desemba, garimoshi lao lilipoporomoka na daraja huko Ashtabula, jimbo la Ohio.

Sina haja ya kuamua kati ya Bertha na Sankey. Nataka tu msomaji apime uzito wa tofauti ile. Kati ya kuzama kwa meli na mwaka 1876 kuna miaka mitatu. Kama Sankey ndiye mwenye habari sahihi, basi maneno tunayomdai mfiwa ayatamke siku ya tatu, mwenyewe aliyeyatunga aliyapata mwaka wa tatu. Na kama Bertha ndiye aliye sahihi, bado majuma yalikwisha kupita tangu ajali, na bado mwenye kuandika ni mfiwa mwenyewe, akiwa peke yake na Mungu wake. Hakuna aliyesimama mbele yake na kipaza sauti.

Liko pia jambo ambalo wahubiri hawalitaji. Baada ya wimbo huu kuchapwa na kuanza kuimbwa, msiba mwingine ulibisha hodi katika nyumba ileile. Mwaka 1880 mtoto wao wa kiume, akiwa bado mdogo sana, alikufa kwa homa. Bertha anasimulia kwamba wako watu kanisani walioanza kuuliza akina Spafford wamefanya dhambi gani hata wakaandamwa hivyo. Naam, huyu ndiye mtunzi wa wimbo wa faraja! Waumini wenzake walimtazama kwa jicho la mashaka, naye pamoja na mkewe wakajitenga na kanisa lile. Hivyo tukimfanya Spafford kuwa mfano wa mtu aliyefarijika mara moja na kwa daima, tunamsimulia mtu ambaye hakupata kuwako.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe. Siwezi kuuchambua wote, lakini yako mambo matatu ambayo mwenye kuusikiliza kwa makini hawezi kuyapuuza.

La kwanza limo katika jina lake. Neno la mwisho la jina hilo ni mwangu. Halikusema mwako, wala mwetu, wala mwao. Kiswahili ni lugha isiyoficha mwenye mali: ukishasema mwangu, umeweka mpaka, na ndani ya mpaka huo anaruhusiwa kusema mtu mmoja tu. Mimi naweza kutangaza habari za roho yangu. Habari za roho ya jirani yangu nazijulia wapi? Kwa hiyo wimbo huu ni ushuhuda, na ushuhuda hutolewa na shahidi mwenyewe. Tukiuimba kwa nia ya kumwambia mfiwa hali yake ilivyo, au inavyotakiwa iwe, tumempokonya kiti cha shahidi tukakikalia sisi.

La pili ni kwamba mwimbaji hasemi alizaliwa na utulivu huo, wala kwamba aliamka nao. Anasema kwamba amefundishwa. Kila mwalimu anajua kufundishwa ni nini. Kuna kusoma na kusahau, kuna kukosea na kusahihishwa, kuna siku ambapo mwanafunzi hataki hata kulitazama daftari. Hakuna mwalimu mwenye busara anayetoa mtihani wa mwisho asubuhi ya siku ya kwanza ya shule. Sisi msibani twautoa.

La tatu lahusu tafsiri. Katika Kiingereza, ubeti wa kwanza unailinganisha amani na mto unaotiririka, na huzuni unailinganisha na mawimbi ya bahari. Kwa mtu ambaye wanawe wanne walimezwa na bahari, picha hiyo ya pili haikuwa pambo la ushairi. Katika Kiswahili chetu, amani imepewa neno shwari, ambalo ni neno la wavuvi na mabaharia, lenye maana ya bahari iliyotulia. Na huzuni imebaki kuwa shida tu, isiyo na sura. Simlaumu mfasiri. Kuyapatanisha maneno ya Kiswahili na sauti iliyotungiwa lugha nyingine ni kazi ngumu, na shwari ni neno zuri mno. Lakini matokeo yake ni kwamba bahari, iliyokuwa upande wa huzuni, imehamia upande wa amani. Waswahili tunaimba wimbo wa watu waliozama, na ndani ya ubeti huo hakuna anayezama.

Labda ndiyo sababu tunauimba kwa wepesi. Mtu wa Mwanza aliyekuwa mtu mzima tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia kufika, hahitaji kuelezwa wimbi ni kitu gani. Mamia ya watu walikufa siku ile, na wengi wao walizikwa Igoma. Naamini kwamba kama ubeti ule ungebaki na mawimbi yake, tungeufungua mdomo taratibu zaidi mbele ya mtu wa namna hiyo, kwa sababu tungejua tunataja nini.

Nikisema hivi sitaki nionekane kuwasema vibaya wachungaji na waimbaji. Wanayo sababu. Mchungaji anayesimama kando ya kaburi amebeba mzigo mzito: anaogopa watu wasikate tamaa, anaogopa kilio kisigeuke kuwa lawama dhidi ya Mungu au, mbaya zaidi, dhidi ya bibi kizee wa nyumba ya tatu anayeshukiwa uchawi. Anajua kwamba ufufuo ndio kiini cha imani yetu, na kwamba asipoutaja siku ile, basi hana la kuutajia siku nyingine. Hayo yote ni kweli. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wathesalonike, aliwataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Lakini tumsome Paulo kwa uangalifu. Hakuwaambia wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kwa namna fulani. Kuna huzuni iliyo na matumaini ndani yake, nayo bado ni huzuni, bado ina machozi, bado inakataa chakula.

Nitatoa mfano. Miaka kadhaa iliyopita jirani yetu mmoja alifiwa na mwanawe wa kiume wa miaka sita. Mtoto aliugua siku mbili tu. Tulikusanyika kama ilivyo desturi. Wanaume tukakaa nje kwenye viti vya kukodi, akina mama ndani na mama mfiwa. Siku ya mazishi mhubiri mmoja, ambaye sina sababu ya kumtaja, alifika, akasikia kilio kutoka ndani, akaingia mpaka mlangoni akasema kwa sauti kubwa, "Mama, nyamaza! Unalia kama mtu asiyeokoka? Mtoto wako ni malaika sasa. Imba!" Akaanzisha yeye mwenyewe wimbo huuhuu ninaouzungumzia. Akina mama wakaitikia, maana nani atabaki kimya mtumishi akianzisha wimbo? Na yule mama akanyamaza.

Alinyamaza kweli. Tangu saa ile hakulia tena mbele ya watu. Hakulia kaburini, hakulia siku ya kuanua matanga, na baadhi ya watu walisema, "Mnaona? Neno limemtia nguvu." Mke wangu, aliyekuwa amekaa naye mkeka mmoja, hakusema hivyo. Alisema, "Yule hajatiwa nguvu. Yule amefungwa mdomo." Jumapili ya kwanza alipofika kanisani alikaa benchi la nyuma, na kwaya ilipoanza kuimba alitoka nje, akasimama chini ya mwembe mpaka walipomaliza.

Wahenga wetu walikuwa na methali inayofaa kuandikwa juu ya mlango wa kila mahali pa kufundishia wahubiri: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Ni methali ya adabu. Inatuambia kwamba katika msiba kuna mwenye msiba, na kwamba mlango wa huzuni yake anao ufunguo yeye. Sisi hatumwanzishii, tunamfuata. Nami nathubutu kuiongeza methali hiyo hatua moja: kama kilio huanza mfiwa, basi na wimbo wa furaha huanza mfiwa. Siku atakapoweza kusema kwamba roho yake ni salama, tutaitikia kwa sauti zote nne. Kabla ya siku hiyo, kuanzisha wimbo huo kwa niaba yake ni kuingia chumbani mwa mtu bila kupiga hodi.

Wala mawazo haya si ya wahenga tu. Biblia yenyewe imetangulia. Katika kitabu cha Mithali, sura ya 25, mtu anayemwimbia nyimbo mwenye moyo mzito anafananishwa na mtu anayemvua mwenzake nguo siku ya baridi, na tena na siki iliyomwagwa juu ya magadi. Sijapata kusikia mstari huo ukihubiriwa msibani, ingawa hauna fumbo lolote. Anayevuliwa nguo siku ya baridi anaona aibu na anaumia kwa pamoja, na ndivyo alivyokuwa yule mama mbele ya mkutano.

Kisha tumwangalie Ayubu. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wamepata jina baya, nao wamestahili. Lakini watu husahau kwamba walianza vizuri kuliko wengi wetu. Walisafiri kutoka mbali, walilia walipomwona, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, pasipo yeyote kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku saba! Sisi ratiba yetu inatoa dakika tano za salamu za rambirambi kwa kila kikundi, na kila kikundi kinazitumia kusema. Na aliyevunja kimya kile, tazama, alikuwa Ayubu. Mfiwa ndiye aliyeanza. Makosa yao yalianza pale walipomsikia akiilaani siku aliyozaliwa wakaona ni lazima wamjibu. Walijibu kwa maneno ya dini, mengi yao yakiwa mazuri ukiyasoma peke yake, na mwishoni Mungu akasema kwamba hasira yake imewaka juu yao, akamsifu Ayubu aliyelalamika.

Na Bwana wetu mwenyewe alifanyaje? Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, alifika Bethania Lazaro akiwa amekwisha kukaa kaburini siku nne. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia neno lilelile: kwamba angalikuwapo, ndugu yao asingalikufa. Lakini hawakupata jibu moja. Kwa Martha, aliyekuja akitaka kuzungumza, Yesu alizungumza juu ya ufufuo. Kwa Mariamu, aliyekuja na machozi, Yesu alitoa machozi. Dada wawili, msiba mmoja, maneno yaleyale, na faraja mbili tofauti. Tena alilia hali akijua kwamba baada ya muda mfupi atamwita Lazaro atoke. Ikiwa yeye aliyejua mwisho wa habari alilia, sisi tusioujua tunapata wapi haraka ya kumnyamazisha mtu?

Najua atakuwako atakayeniuliza, "Sasa, ndugu, unataka tusiimbe? Unataka Mkristo azikwe kama mtu asiye na tumaini?" La hasha. Naamini kwamba furaha ya Kikristo ipo, na kwamba inaweza kumfikia mtu mwenye huzuni kubwa kabisa. Shaka yangu ni juu ya njia inayopitia. Sijaiona ikipita kwenye spika. Nimeiona ikipita mahali padogo.

Yule jirani yetu, kwa mfano. Yapata miezi mitatu baada ya mazishi, akina mama wanne wa jumuiya walikwenda kwake siku ya kazi, siyo siku ya ibada. Hawakuchukua kitabu cha nyimbo. Walimkuta na gunia la maharage ya kuchambua, wakakaa uwanjani, wakachambua naye. Mmoja wao akasema, bila kupanga, kwamba alimkumbuka yule mtoto kwa jinsi alivyokuwa akivaa viatu mguu wa kushoto kulia na wa kulia kushoto kila Jumapili, hata arekebishwe vipi. Mama akamtazama. Akasema, "Alikuwa anasema hivyo ndivyo vinavyoangaliana." Akacheka. Kisha akalia, kwa sauti, kilio chote alichonyimwa siku ile. Wale wengine wakalia naye. Hakuna aliyesema "nyamaza, dada." Kisha, mke wangu aliniambia, walicheka tena, wakamaliza gunia.

Sikuwapo, lakini naihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku faraja ya Kristo ilipoingia katika nyumba ile. Haikuja badala ya huzuni. Ilikuja ndani yake, mkono kwa mkono, kama vile mvua na jua vinavyoweza kuwako pamoja. Na ililetwa na watu waliothubutu kufanya jambo moja ambalo sisi wanaume wa nje ya turubai huliogopa, yaani kumtaja marehemu. Katika Matendo ya Mitume, Petro alipofika Yafa kwenye msiba wa Dorkasi, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha nguo alizowashonea. Petro hakuwaambia waziweke chini. Aliziona. Mfiwa anayo hamu kubwa ya kuonyesha nguo zake, nasi tunamfunika macho kwa beti.

Nirudi kwa akina Spafford, maana habari yao haikuishia baharini. Mwaka 1881 waliondoka Marekani pamoja na kundi dogo la marafiki wakahamia Yerusalemu, na huko wakaishi kwa ushirika, wakiwasaidia wenye shida bila kuuliza kama ni Wayahudi, Waislamu au Wakristo. Horatio alifariki huko mwaka 1888. Anna aliishi mpaka mwaka 1923, nusu karne baada ya ile ajali. Mwaka 1925 binti yao Bertha alimpokea mtoto mchanga aliyefiwa na mama, na kutokana na mtoto huyo likaanza kao la kulelea watoto wachanga katika mji wa kale wa Yerusalemu, likapewa jina la Anna. Kazi ya kuhudumia watoto mahali pale kwa jina la Spafford imeendelea vizazi hata vizazi.

Mimi nikiulizwa ni wapi ushuhuda wa amani ya watu hawa ulipo mkubwa zaidi, katika beti za wimbo au katika kao lile, nitasema katika kao. Jina la mama aliyepoteza mabinti wanne liliwekwa juu ya mlango wa nyumba ya watoto wasio wake. Hakuna mtu angeweza kumwamuru hivyo mwaka 1873. Ingekuwa ukatili. Ilibidi miaka ipite, na Mungu afanye kazi yake katika roho ile mahali ambapo hakuna mhubiri anayefika.

Basi, nina ombi kwa sisi tunaokwenda misibani, nalo si kubwa. Tunalo neno letu pole, ambalo lugha nyingi zinalitamani. Ni fupi, halimlazimishi mfiwa kukubali mafundisho yoyote, wala halidai kwamba limeelewa. Tulitumie hilo kwanza, tukae. Tukitaka kusoma, Zaburi zipo, na si za shangwe tu. Ile ya 88 humalizika gizani, na aliyeiweka katika Biblia hakuona aibu. Tukitaka kusaidia, tuandike katika kalenda siku ya arobaini na siku ya mia, wakati turubai limekwisha kurudishwa kwa mwenyewe na simu za pole zimekoma. Wakati huo ndipo maji yanapokosa wa kuyachota, ada ya shule inapokosa mlipaji, na jioni inapokuwa ndefu.

Na wewe mwalimu wa kwaya, kabla hujatoa sauti, mtume mama mmoja wa heshima aingie ndani akamwulize mfiwa kama yuko tayari kwa wimbo huu. Akisema ndiyo, imbeni beti zote, kwa nguvu zote, naye aanze. Akisema bado, au asiposema kitu, uko wimbo mwingine kitabuni, na kuna kukaa kimya. Ni Salama Rohoni Mwangu umekwisha kusubiri tangu mwaka 1876. Hautaharibika ukisubiri miezi mingine michache.